Elektroni Iliyogoma Kusafiri

Anayetaka kuujua ufundi wa mwanafizika Philip Anderson aanze na makala yake ya 1958 katika jarida la Physical Review. Si nyepesi kusoma, na wanafizika wengi wa wakati huo waliipita tu. Nevill Mott, Mwingereza, alikuwa miongoni mwa wachache walioona mapema kilichomo.

Chanzo cha makala hiyo ni vipimo vilivyofanywa katika maabara ya Bell Labs, New Jersey, alikokuwa akifanya kazi Anderson. Mwenzake George Feher alikuwa akichunguza silikoni iliyotiwa fosforasi kidogo. Kila atomu ya fosforasi huleta elektroni moja ya ziada, na kwa nadharia iliyozoeleka elektroni hiyo, kwa kuwa ina tabia ya wimbi, ingevuka hadi kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, mpaka itapakae kote. Vipimo vilikataa. Spini za elektroni, yaani usumaku wake mdogo, zilidumu katika hali zilimowekwa kwa dakika nyingi, hata saa nzima, kana kwamba kila moja imekaa kwenye atomu yake.

Njia rahisi ilikuwa kuongeza maelezo: aina ya fuwele, joto, elektroni zinavyosukumana. Anderson akafanya kinyume, akapunguza. Alibakiza vituo vilivyopangwa katika safu, kila kimoja na nishati iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uwezo wa elektroni kuruka kwa jirani. Kisha akauliza swali moja: nikiiweka elektroni kwenye kituo hiki na kusubiri milele, nitaikuta hapa?

Jibu lake lilikuwa ndiyo, iwapo tofauti za nishati ni kubwa vya kutosha zikilinganishwa na nguvu ya kuruka. Hakuna ukuta unaoizuia. Ni kama katika ala ya udi: uzi ukipigwa, mwenzake uliokazwa kwa sauti ileile hutetemeka nao. Uliokazwa tofauti hunyamaza. Vituo visivyolingana nishati havipokezani wimbi, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo wimbi linavyofifia.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Desturi ilikuwa kukokotoa wastani: chukua mazingira yote yanayowezekana, yachanganye, upate kituo kimoja cha kawaida. Lakini ukishafanya hivyo vituo vyote vinakuwa sawa, na elektroni inaanza kusafiri tena. Umelifuta jibu kabla hujaanza kazi. Anderson alishikilia kwamba katika kipande cha silikoni hakuna atomu iliyo ya wastani. Kila moja ina majirani wake. Basi akafuatilia mtawanyo mzima wa uwezekano, kazi chafu ya hesabu isiyo na njia ya mkato.

Mazoea hayo ya kuukataa wastani yanajitokeza tena 1975, akiwa na mwanafizika Sam Edwards, katika aloi kama shaba yenye manganizi kidogo, ambamo sumaku ndogo za atomu huganda kila moja ikielekea kwake. Nadharia waliyoianzisha ndiyo iliyomvuta Giorgio Parisi, aliyepata Nobel mwaka 2021. Mwaka 1979 Anderson na wenzake watatu waliirudia elektroni iliyokwama, wakatoa hoja kwamba katika utando mwembamba wa pande mbili hata vurugu ndogo yatosha kuikwamisha, mradi utando uwe mpana vya kutosha na baridi iwe kali.

Katikati ya kazi hizo kuna insha ya 1972 katika jarida la Science, kurasa nne tu, inayosema kwamba kuzijua sheria za chembe moja hakukupi tabia ya chembe nyingi zikikusanyika. Hunukuliwa sana. Mimi naona ina nguvu kwa sababu mwandishi wake alikuwa ameshalithibitisha jambo hilo kwa hesabu. Mwaka 1977 alipata Nobel pamoja na Mott na John Van Vleck, mwalimu wake wa Harvard.

Si kila alichogusa kilikubaliwa. Nadharia yake ya 1987 kuhusu oksidi za shaba zinazopitisha umeme bila ukinzani bado inabishaniwa, na aliitetea kwa ukali ambao haukuisaidia sana. 

Mkwamo wa 1958, lakini, ulikuja kuonekana hata kwa atomu: mwaka 2008 kundi la mwanafizika Alain Aspect huko Palaiseau, Ufaransa, liliachia wingu la atomu za rubidi zilizopozwa mno katika mwanga wa leza uliovurugwa makusudi. Wingu lilianza kutanuka, kisha likasimama, na kingo zake zikafifia jinsi nadharia ilivyotabiri. Atomu hizo zilikuwa chache kiasi kwamba hazikusukumana. Zikisukumana, swali ni gumu zaidi: mwaka 2006 wanafizika Basko, Aleiner na Altshuler walitoa hoja kwamba hata kundi zima laweza kukwama, na wanafizika wangali wanabishana kama mkwamo huo hudumu au huchelewesha tu safari.