Mvinyo wa Constantia: Jina la Nani, Jasho la Nani?

Katika mahoteli ya matajiri wa dunia huuzwa mvinyo mweupe mtamu uitwao Vin de Constance. Hutoka katika shamba la Klein Constantia, karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Chupa yake ni ndogo na bei yake ni kubwa. Wanaousifu husema kuwa mnunuzi halipii kinywaji tu, hulipia pia historia ya zaidi ya miaka 300. Ikiwa historia inauzwa, basi tuna haki ya kuuliza ni historia ya nani. Mkulima wa pamba wa Bariadi analo fungu lake katika swali hili, kama tutakavyoonyesha.

Kwanza tuseme kweli: mvinyo huu si sifa tupu. Zabibu za aina ya Muscat huachwa mtini mpaka zianze kusinyaa, maji yapungue na utamu uzidi. Kisha huchumwa kwa mkono. Katika karne ya 18 na ya 19 mvinyo wa Constantia ulinywewa katika majumba ya wafalme wa Ulaya, na Napoleon alipelekewa alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha St Helena. Hatupingi ubora wake. Lakini ubora ni kazi, na kazi ina wenyewe.

Historia inayouzwa pamoja na chupa ni ya mabwana. Mwaka 1685 Simon van der Stel, mkuu wa makoloni ya Waholanzi huko Rasi, alipewa ardhi. Mwaka 1778 Hendrik Cloete alinunua sehemu yake, na ukoo wake ukapata sifa. Waliolima hawatajwi. Walikuwa watumwa waliosombwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, walifungwa tena katika kazi ya lazima iliyoitwa uanagenzi hadi mwaka 1838. Hata baada ya hapo, katika mashamba ya mizabibu ya Rasi, wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa vikombe vya mvinyo. Desturi hiyo, iliyoitwa dop, iliendelea miaka mingi hata baada ya kupigwa marufuku. Mfanyakazi alileweshwa kwa jasho lake mwenyewe.

Na huo "ukoo" unaosifiwa uko wapi? Mwishoni mwa karne ya 19 mvinyo huo ulitoweka. Familia nyingine ilinunua Klein Constantia mwaka 1980 na kuufufua kwa mavuno ya mwaka 1986, mwaka ule ule ambao makaburu walitangaza hali ya hatari nchi nzima. Mwaka 2011 shamba liliuzwa tena kwa wenye mitaji wengine. Ardhi inabadili mikono, lakini jina linabaki na bei inapanda. Jina la ukoo, basi, limekuwa bidhaa kama bidhaa nyingine.

Hapa kwetu zabibu ni za Dodoma, ambako mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka, zikiwamo zabibu za mvinyo mweupe. Lakini zabibu hazisubiri. Asiye na kiwanda huuza kwa bei ya mwenye kiwanda, au huziona zikiozea shambani. Jembe pekee halimpi mkulima sauti juu ya bei.

Ndivyo ilivyo kwa pamba. Wakulima wa Usukuma walilijua hili mapema. Walichoshwa na mizani ya wafanyabiashara, wakajenga vyama vyao, na mwaka 1955 wakaunda umoja wa Victoria Federation, wakiongozwa na Paul Bomani. Wakashika mizani, kisha wakamiliki vinu vya kuchambulia pamba. Huo ndio ukoo wetu wa fahari, na haukurithiwa kwa damu. Lakini tusijidanganye: mwaka 1976 sisi wenyewe tulivunja vyama vikuu vya ushirika, na ikabidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe. Chama kinachoamriwa kutoka juu huweza pia kufutwa kutoka juu.

Leo mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, uko mstari wa mbele katika kilimo cha pamba. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje ikiwa ghafi. Hurudi ikiwa shati lenye jina la mji wa mbali, na hakuna lebo inayotaja Bariadi, Maswa wala Meatu.

Kwa hiyo tusiwafundishe vijana wetu kuabudu lebo za mabwana, wala tusitamani kuzaa mabwana wetu wenyewe. Tudai kusokota na kufuma hapa hapa, chini ya ushirika ambao wakulima wenyewe wanauchagua, wanaukagua na wanaweza kuuwajibisha. Siku nguo ya Bariadi itakapouzwa kwa jina la Bariadi, na aliyepalilia akalipwa sehemu yake ya jina hilo, ndipo tutakapokuwa na historia inayostahili bei.