Dawa za Kuvu: Istilahi za Kumeza na za Kupaka

Lengo la makala hii ni kuzichunguza istilahi zitumikazo kutaja dawa za maradhi ya kuvu, hasa katika mikoa ya Mbeya na Iringa, na kuzipima kwa kipimo kimoja: je, mgonjwa asomaye bahasha ya dawa ataitumia ipasavyo?

Tuanze na jina la kundi zima. Majina matatu yanashindana: dawa ya fangasi, dawa ya kuvu na dawa ya ukungu. Fangasi ni neno la mkopo lililokwisha kuenea katika zahanati na maduka ya dawa, wala halimpotezi mtu. Kuvu linafaa vitabu vya shule na maandishi rasmi. Lenye hatari ni ukungu. Mkulima wa viazi wa Uyole au Mafinga asemapo dawa ya ukungu huwa na maana ya mankozebu na jamii yake, yaani sumu anyunyiziayo majani ya mimea yake. Neno moja halifai kutaja sumu ya shambani na dawa ya mwili wa mtoto, hasa pale ambapo vyote viwili huwekwa katika nyumba moja.

Istilahi kiuakuvu nayo, ijapokuwa imeundwa kwa kufuata kanuni, ina kasoro mbili. Kwanza, inakaribiana mno na viuatilifu vya shambani. Pili, inadai kupita ukweli, kwa kuwa si kila dawa ya kundi hili huua. Flukonazoli, kwa mfano, mara nyingi huzuia tu kuvu za jamii ya hamira zisiongezeke.

Sasa tuutazame mgawanyo wenyewe. Baadhi ya tafsiri huandika dawa ya mdomo na dawa ya nje. Dawa ya mdomo ina utata: ni dawa ipitayo mdomoni, au ni dawa ya kutibu mdomo? Chukua mfano wa nistatini, ambayo jina lake limetokana na Jimbo la New York, ilikogunduliwa. Mtoto mchanga mwenye utando mweupe kinywani hutiwa matone yake. Dawa hiyo huingia kinywani, lakini hufanya kazi papo hapo inapogusa, na utumbo haufyonzi ila kiasi kidogo mno. Griseofulvini humezwa, ikapita damuni hadi kwenye nywele zinazoota. Kuziita zote mbili dawa ya mdomo ni kuificha tofauti iliyo muhimu kuliko zote.

Tofauti hiyo si pambo la wataalamu. Mapunye ya kichwani hukaa ndani ya unywele na shina lake, mahali ambapo malhamu peke yake haiponyeshi. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza; griseofulvini kwa kawaida hutumika wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri. Kinyume chake, mchuma chai wa Mufindi au Tukuyu aliyeoza vidole kwa kushinda ndani ya mabuti ya mpira hutosheka, mara nyingi, na klotrimazoli au mafuta ya Whitfield ya kupaka. Kumpa vidonge pasipo haja ni kumtwika madhara bure. Ketokonazoli ya vidonge ilidhibitiwa vikali Ulaya na Marekani mwaka 2013 kwa sababu ya kudhuru ini, ilhali ile ya kupaka iliendelea kutumika.

Dawa ya nje nayo haitoshi. Mtu aweza kudhani ni dawa itokayo nchi za nje, na hata akielewa, haelezwi atende nini. Ubora wa kumeza na kupaka ni kwamba ni vitenzi: jina lenyewe ni agizo.

Kwa hiyo tunapendekeza: dawa ya kuvu kwa kundi zima, na fangasi likubaliwe katika mazungumzo na wagonjwa, dawa ya kumeza kwa ile ipitayo damuni, dawa ya kupaka kwa ile ya ngozini, na dawa ya kinywani kwa ile itibuyo kinywa chenyewe. Neno ukungu liachiwe maafisa kilimo. Walimu, wafasiri na watumishi wa afya wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao, kwani istilahi isiyoeleweka dirishani pa dawa haijawa sanifu bado.