Raba Inayobeba Injini

Mauntingi ya injini ni kipande cha raba kilichogandishwa kati ya vyuma viwili: kimoja hufungwa kwenye injini, kingine kwenye chasisi. Kazi zake ni mbili, nazo huvutana. Inatakiwa kuishika injini isihame mahali pake, na papo hapo kuiachia itikisike bila mtikisiko huo kuwafikia waliomo garini. Raba ikiwa laini mno, injini hucheza; ikiwa ngumu mno, gari zima huguna pamoja nayo. Kubadilisha mauntingi, hasa za gari la michezo, ni ufundi wa kuujua mpaka kati ya kushika na kuachia, na anayeufanya vizuri uani kwake anastahili heshima ileile anayopewa fundi wa gereji.

Magari mengi ya zamani yalifungwa injini chuma kwa chuma, na abiria walitetemeka nayo safari nzima. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake ya silinda 4 ilikaa juu ya raba, na mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ikaanza kuitumia mbinu hiyo kwa leseni. Njia ilikuwa imefunguliwa tangu 1839, pale Charles Goodyear alipogundua kwamba raba ikipikwa pamoja na salfa hainati kwenye joto wala haikakamai kwenye baridi.

Hesabu ya kazi hii ni nyepesi, na inafaa kueleweka kabla ya kushika spana. Injini ya silinda 4 hulipua mafuta mara 2 katika kila mzunguko. Inaponguruma gari likiwa limesimama, yaani kwenye sailensa, kwa mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni mipigo 25 kila sekunde. Raba huanza kuumeza mtetemo pale tu kasi ya mipigo inapozidi kasi ya asili ya injini kucheza juu ya raba hiyo kwa zaidi ya mara 1.4 hivi. Raba ikikauka, kasi hiyo ya asili hupanda na nafasi hupungua. Kwa hiyo mauntingi iliyozeeka husema ukweli kwenye foleni, injini ikizunguka polepole, hata kama barabarani gari linakwenda vizuri.

Subaru Impreza WRX, iliyoanza kuuzwa mwaka 1992, ni mfano mzuri wa kujifunzia. Mashabiki wa Safari Rally wanaikumbuka kwa ushindi wa Colin McRae mwaka 1997 na wa Richard Burns mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza iliyojengwa kwa mashindano. Nyingi zilizopo Nairobi na Dar es Salaam zilitoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika kwa miaka kadhaa, na umri huo umo ndani ya raba zake. Injini yake imelala, silinda 2 kila upande, juu ya mauntingi 2 zilizofungwa kwenye krosimemba, kile chuma kinachopita chini yake kutoka upande hadi upande. Nyuma, giaboksi ina mauntingi yake. Juu kuna fimbo fupi yenye bushi kila ncha, inayounganisha giaboksi na ukuta wa mbele ya dashibodi ili mtambo usiyumbe mbele na nyuma dereva anapokanyaga au kuachia mafuta.

Dalili za uchovu zinajulikana: kishindo kimoja kizito klachi inaposhika, gia inayotikisika mkononi, mtetemo unaopanda hadi kwenye kiti. Fundi mwangalifu hahukumu kwa dalili moja. Plagi iliyochoka huleta mtetemo unaofanana na huo, na bushi zilizolegea za fimbo ya juu hugonga vilevile. Hapo ndipo ufundi unapoanza kuonekana, kwa sababu injini iliyo nzima nayo husogea. Linaloulizwa ni kiasi gani. Boneti hufunguliwa, breki hukanyagwa barabara, msaidizi hugusisha klachi kidogo, na fundi akiwa amesimama pembeni, kamwe si mbele ya gari, huangalia. Mjongeo mdogo unaorudi taratibu ni wa kawaida. Kuruka na kutua kwa kishindo si kawaida. Kisha tochi huingia chini kutafuta raba iliyopasuka, iliyobanduka kwenye chuma chake au iliyolowa oili.

Oili ni adui mkubwa. Raba ya asili huvimba na kulainika ikilowa, na injini ya WRX inajulikana kwa kuvuja kwenye gasketi za vifuniko vya valvu, ambavyo kwa sababu ya kulala kwake viko ubavuni, chini. Anayefunga mauntingi mpya bila kuziba uvujaji huo amefanya nusu ya kazi.

Kazi yenyewe huanza kwa maandalizi: injini huachwa ipoe, waya hasi wa betri hutolewa, na gari hukaa juu ya stendi kwenye sakafu ngumu. Jeki peke yake haiaminiwi na mtu aliye chini ya gari. Intakula, inayopoza hewa ya turbo, hutolewa ili fimbo ya juu ifikiwe na kufunguliwa. Kabla ya nati za chini kuguswa, injini hupokewa kwa winchi, au kwa jeki iliyowekewa ubao mpana. Ni adabu ya anayemtua mwenzake ndoo kichwani: mzigo hushikwa kwanza, ndipo aliyekuwa ameubeba anaachia. Ubao una sababu yake. Sampu ya injini hii, yaani beseni la oili chini yake, ni bati jembamba, na bomba linalofyonza oili liko karibu kabisa na sakafu yake. Bati likibonyea, mdomo wa bomba huzibwa, oili haipandi, na injini iliyokuja kutibiwa mtetemo huishia kuunguza beringi.

Injini hupandishwa kidogokidogo hadi skrubu za mauntingi zichomoke kwenye matundu ya krosimemba. Kila inapopanda, jicho hurudi kwenye feni na rediata, kwenye hozi na kwenye nyaya. Kinachokaza husikilizwa, hakilazimishwi.

Kuchagua raba mpya kunahitaji uamuzi wa kiungwana. Za kiwandani zimepimwa kwa matumizi ya kila siku. Za Kundi N, zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya rali, zina raba ngumu zaidi, na gia huingia kwa uhakika kwa bei ya mtetemo kidogo kwenye sailensa. Za polyurethane hushika zaidi na huachia kidogo sana. Gari linalopeleka watoto shule asubuhi halihitaji ugumu wa gari la mashindano, na fundi anayemweleza mwenye gari hivyo amemtendea haki.

Wakati wa kufunga, nati zote huanzishwa kwa vidole. Injini huteremshwa mpaka uzito wake wote ukae juu ya raba, ndipo nati zikazwe kwa spana ya toki kufuata kipimo cha kitabu cha gari. Zikikazwa injini ingali inaning'inia, raba hufungwa ikiwa imejipinda, na huanza kuchanika tangu siku ya kwanza. Fimbo ya juu hufungwa mwisho, bila kuvuta mtambo upande wowote.

Baada ya hapo gari hujaribiwa: kwanza limesimama, kisha kwa mwendo wa pole, kisha mlimani kwa gia ya pili. Likigonga tena, giaboksi nayo hukaguliwa mauntingi yake, kwa kuwa raba za umri mmoja huchoka pamoja. Lisipogonga, kinachobaki ni kukagua nati na alama za uvujaji baada ya wiki chache za safari.