Sauti Nyuma ya Nondo

Mtunzi husahauliwa mara mbili: kwanza jina lake linapotoka vinywani mwa watu, kisha utungo wake unapobaki karatasini bila wa kuuimba. Usahaulifu wa kwanza huondolewa na mwanahistoria; wa pili humngoja mwimbaji. Msomaji wa mwambao halioni jambo hili geni, kwani utenzi uliochapwa bila mahadhi yake ni nusu ya utenzi.

Mwaka 1991, huko Bologna nchini Italia, mwimbaji wa Kimarekani Candace Smith aliasisi Cappella Artemisia, kundi la wanawake watupu, ili kuimba muziki wa watawa wa Kiitalia wa karne ya 16 na ya 17. Watawa hao waliishi ndani ya kuta wasizoruhusiwa kuzivuka. Kanisani, dirisha la nondo liliwatenga na watu wa mji, waliokuja kusikiliza sauti ambazo wenyewe hawakuwaona. Maaskofu wengi walizitilia shaka sauti hizo, wakaziwekea masharti.

Miongoni mwao alikuwapo Lucrezia Vizzana, aliyeingizwa utawani Bologna mwaka 1598, akiwa mtoto wa miaka minane. Mwaka 1623 nyimbo zake 20 zilichapwa Venice. Nyingi ni za sauti moja au mbili, na ndani yake sauti hugongana kwa ujasiri uliokuwa mpya zama hizo. Ukuta ulimzuia mwili, haukumzuia sikio. Katika miaka hiyo hiyo nyumba yao iliingia katika ugomvi mrefu na askofu mkuu, naye Vizzana hakuchapisha kitabu kingine.

Fumbo kubwa zaidi liko Milano, kwa Chiara Margarita Cozzolani. Zaburi zake za mwaka 1650 zimeandikwa kwa sauti nane, zikiwamo sauti nene za kiume. Nyumba isiyo na mwanamume iliziimbaje? Yawezekana wimbo mzima ulipandishwa. Au sauti ya chini peke yake ilipandishwa, au ikaachiwa ala. Au alikuwapo mtawa mwenye koo zito. Kila njia ina gharama yake. Sauti ya chini ikipandishwa huweza kupita juu ya zile iliyopaswa kuzibeba, mithili ya msingi uliopanda darini. Nyaraka pekee hazitoshi kuamua. Hukumu hutolewa na pumzi na koo, na ndipo mwimbaji anapokuwa mtafiti kamili.

Hata hivyo, rekodi haina ukuta. Msikilizaji hupewa utamu bila nondo, akadhani watawa hao waliimba kwa raha tupu. Kosa la kinyume lipo pia: kuwasikiliza kwa huruma tu, kana kwamba ubora wa wimbo umo katika mateso ya mtunzi wake. Kazi ya Smith ina uzito kwa sababu inaziuliza nyimbo hizi maswali ya ufundi, yale yale aulizwayo mtunzi yeyote mwanamume. Heshima ya kweli kwa Vizzana na Cozzolani ni kupimwa kwa mizani ya watunzi, na katika mizani hiyo hawapungui.