Mgeni na Mwenyeji katika "Barcelona"

Mwimbaji aliyezoeleka kwa miaka mingi hudaiwa madeni mawili. Wasikilizaji wake humdai awe yule yule waliyempenda jana. Sanaa yake humdai asiirudie jana. Akilipa deni la kwanza peke yake huitwa mchovu, na akilipa la pili peke yake huitwa mtoro. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alisimama kati ya wadai hao wawili alipotoa albamu yake "Barcelona" mwezi wa Oktoba 1988. Bendi yake ilikuwa imeundwa mwaka 1970, na kwa muda wa miaka kumi na minane sauti yake ilikwisha fungamana na gitaa la umeme, ngoma nzito na viwanja vilivyofurika watu. Katika albamu hii aliyaacha mengi ya hayo, akaimba pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera mwenye sauti ya soprano, mzaliwa wa mji ule ule ulioipa albamu jina lake.

Nyimbo ni nane. Ndani yake mna opera, mna maneno ya Kijapani, mna wimbo wa Kihispania wenye ala chache, mna kwaya iliyofuata nyimbo za injili za Wamarekani weusi, mna na nyimbo za taratibu za kawaida. Wingi huo umewafanya baadhi ya watu waisifu albamu kwa upana wake, na wengine wailaumu kwa kukosa makao. Sifa hiyo na lawama hiyo zina kasoro moja: zote mbili huhesabu vitu badala ya kutazama vitu hivyo vimefanyiana nini. Mchanganyiko na mkusanyiko si jambo moja. Katika mchanganyiko kila kitu hubadilika kwa kukutana na mwenziwe. Katika mkusanyiko kila kitu hukaa kama kilivyoletwa. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii yafaa kuwa mizani ya kupimia kazi ya namna hii. Katika kila wimbo yapasa kuulizwa: mwenyeji ni nani, mgeni ni nani, na je, mwenyeji amepona?

Safari ya Mercury nje ya bendi haikuanzia hapa. Mwaka 1985 alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, "Mr. Bad Guy", ambayo ilitanga tanga katika muziki wa dansi na nyimbo za mapenzi bila ya kutoka nje ya mipaka ya wimbo wa kupendwa na wengi. Mwaka 1987 aliimba upya "The Great Pretender", wimbo uliojulikana tangu miaka ya 1950 kwa sauti za kundi la The Platters. Upande wa pili wa sahani hiyo paliwekwa kitu kidogo kilichoitwa "Exercises in Free Love", ambamo Mercury aliimba kwa sauti ya juu kabisa pasipo neno hata moja. Alikitunga pamoja na Mike Moran, mpiga piano, ambaye alikuwa mwenzi wake mkuu katika kazi yote ya "Barcelona". Mbegu ya albamu nzima imo katika wimbo huo mdogo. Ndani yake mwimbaji wa roki anaijaribu nyumba ya opera, kama mtu apigaye hodi kabla ya kujua kama atakaribishwa.

Namna ya kazi ilivyotendeka yaeleza mengi. Caballé alikuwa na miadi mingi katika majumba ya opera ya ulimwengu, wala hakuweza kukaa studio kwa miezi. Kwa hiyo Mercury aliiimba mwenyewe sehemu ya Caballé kwa sauti ya juu, akampelekea kanda, na yule bibi akaja kuitia sauti yake mahali palipokwisha tayarishwa. Jambo hili lilikuwa na faida na hasara. Faida yake ni kwamba mwenyeji alikaa kwanza katika kiti cha mgeni wake, akakipima kwa mwili wake mwenyewe. Hasara yake ni kwamba pana mahali ambapo sauti mbili zaelekea kupishana mlangoni badala ya kukaa na kuzungumza.

Wimbo wa kwanza, ambao jina lake ndilo jina la albamu, unaepuka hasara hiyo kwa busara. Habari yake ni kukutana kwa watu wawili. Hivyo umbo lake ndilo habari yake. Kiingereza na Kihispania hupokezana, kwaya hulitaja jina la mji kama wapokezi bandarini, na kila mwimbaji hubaki katika malezi yake. Mercury hajifanyi mwimbaji wa opera. Pumzi yake ni fupi kuliko ya mwenziwe, na ukali wa roki umo kooni mwake, hauondoi. Caballé naye hajifanyi kijana wa mjini. Tofauti haifichwi, na kwa kuwa haifichwi, kila sauti humwonyesha msikilizaji jambo ambalo nyingine hailiwezi. Mwenyeji hapa ni wimbo wa kupendwa na wengi, wenye kiitikio cha kushikika upesi, na mgeni wake ni opera. Mwenyeji amepona.

Haiwi hivyo katika "La Japonaise". Waimbaji wote wawili huimba baadhi ya maneno kwa Kijapani, na vinanda vya umeme huiga milio ya Mashariki ya mbali. Nia yake ni njema, maana Queen walipata mapenzi makubwa Japani tangu walipokwenda huko mwaka 1975, na Mercury aliyapenda mapambo ya nchi ile kwa dhati. Walakini nia si wimbo. Waimbaji wote wawili ni wageni, ala ni za kuiga, na mwenyeji hayupo nyumbani. Japani yenyewe imebaki kuwa picha juu ya ukuta. Huu ndio mkusanyiko uliotajwa mwanzoni: kitu kizuri kimeletwa kutoka mbali, kimewekwa rafuni, wala hakikugusana na chochote.

"The Fallen Priest" na "The Golden Boy" zilipata msaada wa maneno kutoka kwa Tim Rice, mtungaji aliyezoea michezo ya kuimba ya jukwaani. Ule wa kwanza ni ugomvi wa padri na nafsi yake, kati ya kiapo na mapenzi. Opera hutaka ugomvi wa namna hiyo, na Mercury huuigiza kwa nguvu. Lakini ala zimevimba hata maneno yakakosa nafasi ya kupumua. Ule wa pili una bahati zaidi. Unaanza kwa adabu ya jukwaa la opera, kisha kwaya ya injili inaingia kwa makofi na furaha, na ule uzito wote waanza kutikisika. Sauti ya Caballé, ikipaa juu ya kwaya hiyo, haikupungua heshima, imeongezeka uhai. Huyu ni mgeni aliyeingia kwa kelele na kuacha nyumba ikiwa na nuru.

Lakini kilele cha albamu kimo katika wimbo wenye ala chache kuliko zote. "Ensueño" ni ule ule wimbo usio na maneno wa mwaka 1987, uliovikwa sasa maneno ya Kihispania ambayo Caballé alisaidia kuyatunga. Mercury hakurudi hapa katika sauti ya juu aliyoitumia mwanzo. Alishuka katika sauti yake ya chini, ambayo katika Queen aliitumia kwa nadra, akamwachia mwenziwe anga lote la juu. Mwimbaji aliyejulikana kwa kuujaza uwanja alichagua kuwa ardhi ili mwingine awe ndege. Katika albamu yote hapana mahali panapothibitisha methali kwa ukamilifu zaidi ya hapa: mgeni alikuja, na mwenyeji akapata sauti ambayo karibu alikuwa ameisahau.

"Guide Me Home" na "How Can I Go On" zimeunganishwa, moja ikiingia katika nyingine, na zote mbili ni ombi la mtu aliyepotea njia. Ni nyimbo nyepesi kwa umbo na nzito kwa maana. John Deacon wa Queen alipiga gitaa la besi katika ule wa pili, kana kwamba nyumba ya zamani ilimtuma mjumbe. Mwisho wa yote huja "Overture Piccante", ambayo hukusanya vipande vya nyimbo zilizotangulia. Kwa kawaida utangulizi wa opera hukaa mwanzo. Hapa umekaa mwisho, na msikilizaji anapewa ahadi ya mambo ambayo amekwisha yasikia. Ni mzaha mzuri, ingawa mzaha huo haukuzaa wimbo.

Lawama kubwa juu ya albamu hii ni vinanda vya umeme. Sehemu kubwa ya sauti za okestra zilitoka humo, na masikio ya leo huzitambua upesi kuwa ni za miaka ya 1980. Mwaka 2012 ilitolewa albamu ile ile kwa sura mpya: Stuart Morley aliandika upya sehemu za ala, na okestra ya Prague ikazipiga kwa fidla na tarumbeta za kweli, sauti za waimbaji zikabaki zile zile. Hapana shaka kwamba "Barcelona" ulipata kimo ulichostahili. Hata hivyo okestra haikuweza kuiponya "La Japonaise", wala haikuiongezea "Ensueño" kitu ambacho haikuwa nacho. Jaribio hilo linamfundisha mhakiki jambo la maana: ala bora hurekebisha vazi, hazirekebishi kiungo. Wimbo ambao ndani yake wageni hawakukutana hautaponywa kwa kubadilishiwa viti.

Kuna namna nyingine ya kuisoma albamu hii ambayo yataka hadhari. Mercury alijua mwaka 1987 kwamba alikuwa na virusi vya ukimwi, na alifariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kuutangazia umma ugonjwa wake. Tarehe 8 Oktoba 1988 alisimama na Caballé jukwaani mjini Barcelona, nyimbo zikipigwa kutoka katika kanda, na hapo ndipo alipowaimbia watu jukwaani kwa mara ya mwisho. Kwa sababu hiyo wengi husikia wasia katika kila mstari wa nyimbo mbili za kuomba njia. Yawezekana. Lakini huruma ikitangulia hukumu, wimbo dhaifu nao hulia machozi ya kuazima. Nyimbo hizo zasimama kwa sababu zimetungwa vema. Aliyezisikia mwaka 1988, asiyejua habari za mgonjwa, alikuwa na haki ya kuguswa nazo.

Kadhalika yataka hadhari madai ya Unguja. Mercury alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika jamaa ya Waparsi. Akapelekwa shule Panchgani, Bara Hindi, angali mtoto. Na jamaa yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kusema kwamba "Barcelona" ni tunda la Zanzibar ni kumvika mtoto kanzu ambayo hakuondoka nayo. Katika nyimbo zile nane hamna neno la Kiswahili wala pigo la taarabu. Zanzibar haina haja ya heshima ya kuokota.

Inacho kitu bora kuliko madai, nacho ni kipimo. Taarabu yenyewe ni sanaa ya wageni waliokaribishwa. Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hata 1888, ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki. Udi, kanuni na fidla zilikuja kutoka nje, lakini zilikuja kuwa watumishi wa shairi la Kiswahili, lenye vina na mizani yake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika sahani, aliimba Kiswahili chake kwa ala za ng'ambo, na hapana aliyeweza kusema kwamba hakuwa kwao. Mwenyeji alikuwa shairi, na shairi lilipona.

Swali hili ni la wanafunzi wa fasihi kama lilivyo la wasikilizaji wa muziki. "Kichomi" ya Euphrase Kezilahabi ilipotokea mwaka 1974, mabishano juu ya shairi lisilo na vina yaligeuka mara kwa mara kuwa mabishano juu ya asili: jambo hili ni letu, au ni la wageni? "Barcelona" yaonyesha jinsi swali hilo lilivyo fupi. Albamu moja, mtu mmoja, safari moja. Na bado "Ensueño" imefaulu na "La Japonaise" haikufaulu. Asili ya vitu haikuamua. Kukutana kwao kuliamua. Mhakiki anayeulizia pasi ya kusafiria mlangoni hatajua kamwe kilichotendeka ndani. Na aingie, asikilize, kisha atoe hukumu kwa kila mgeni peke yake, kwa kumtazama usoni mwenyeji.