Kuisifu Shaba Chakavu

Kukusanya fedha za kale za shaba ni fani ya macho na ya subira, nayo hudharauliwa bure na wanaodhani kwamba thamani iko kwenye dhahabu. Sarafu ya dhahabu mara nyingi ilifichwa sandukuni, ilhali ya shaba ilipita sokoni mikononi mwa maskini, ikachakaa. Wanaokusanya sarafu za wafalme wa Thrakia, nchi ya kale ambayo sehemu kubwa yake leo ni Bulgaria, hufurahia hasa vipande vya shaba vya Seuthes III, mfalme wa mwishoni mwa karne ya 4 kabla ya Kristo, kwani baadhi yake viligongwa muhuri juu ya sarafu za watawala wengine, na jicho lililozoea huona alama ya zamani chini ya mpya.

Kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, mtu wa fani hii huanza na kitu kisicho na sura ya mfalme wala herufi, nacho ni msalaba wa shaba wa Katanga, wenye umbo la herufi X. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyefika Nyangwe, soko kuu la mto Lualaba, mwaka 1874, aliutaja kwa jina la handa, wenye uzito wa kilo moja na zaidi. Katika masoko ya upande huo ulikutana na simbi, shanga na viramba, yaani vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za mwale. Ukigeuzwa mkononi, upande mmoja huonyesha umbo la kalibu, yaani chombo kilichomiminiwa madini yaliyoyeyushwa, na upande wa pili una mikunjo na vishimo, kwa kuwa hapo shaba ilipoa wazi.

Thamani ya kuisoma shaba hivyo ilidhihirika Sanga, kando ya ziwa Kisale, juu zaidi kwenye Lualaba, ambako wachimbuaji walianza kazi makaburini mwaka 1957. Misalaba mikubwa michache ya zamani ilifuatwa, karne baada ya karne, na midogo iliyo mingi na inayofanana, na mwanaakiolojia Pierre de Maret akaona humo chombo cha heshima kikigeuka fedha. Msalaba uliong'olewa kaburini na kuuzwa bila kuandikwa ulikotoka ungekuwa kipande cha shaba tu, hata kama mnunuzi angeulipia sana.

Baadaye ikaja sarafu ya Dola Huru ya Kongo, iliyotengenezwa kuanzia 1887, mwaka uleule ambao Tippu Tip, bwana wa Kasongo, alikubali kuwa wali wa wilaya ya Stanley Falls katika dola hiyo. Ile ya shaba ya santimu 10 ina gramu 20 na ya santimu 1 ina gramu 2, kwa hiyo mizani peke yake ingetosha kuzihesabu. Katikati kuna tundu la kupitishia uzi, limezungukwa upande mmoja na miale ya nyota na upande wa pili na herufi L zenye taji. Ya fedha ina uso wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala dola hiyo, na ndiyo inayogombaniwa. Ya shaba inasema zaidi, kwa kuwa tundu hilo linaonyesha serikali ikiiga desturi ya watu waliozoea kutunga mali yao katika kamba.

Anayeisugua kwa ndimu na majivu ili ing'ae huondoa kutu ya kijani pamoja na ushahidi wa udongo ilimolala.