Rababendi Iliyoloweshwa Grafini

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, na Trinity College Dublin, Ayalandi, walieleza katika jarida la ACS Nano jinsi walivyogeuza rababendi za kawaida kuwa vihisi vya kuvaliwa mwilini.

Mpira wa asili huvutika sana, lakini haupitishi umeme. Dawa iliyozoeleka ni kuuchanganyia kaboni ungali mbichi. Shida ni kwamba kaboni ikitosha kupitisha umeme, mpira nao hukakamaa, na kihisi kilichokakamaa hakifuati ngozi.

Watafiti hao walianza na mpira uliokwisha kutengenezwa, na hapo ndipo penye ustadi wote. Waliuloweka kwenye tolueni, kiyeyushi kinachojulikana kwenye thina za rangi. Mpira haukuyeyuka, maana salfa ya kiwandani ilishazifunga nyuzi zake. Ulivimba tu, nafasi kati ya nyuzi zikapanuka. Kisha ukatumbukizwa kwenye kimiminika chenye grafini, yaani grafiti, ileile ya penseli, iliyobanduliwa tabaka kwa tabaka kwa mawimbi ya sauti. Grafini ikapenya. Mpira ulipokauka ukanywea na kuifungia humo humo.

Vipande vya grafini vikigusana, umeme hupita. Mpira ukivutwa, vipande huachana na ukinzani hupanda. Rababendi hizo ziliendelea kufanya kazi hata zilipovutwa kupita mara tisa ya urefu wake, ukinzani ukiongezeka mara 10,000. Kihisi cha waya wa metali hukatika kikirefuka asilimia chache tu. Tena zilifuata mitetemo 160 kwa sekunde, kasi inayozidi kwa mbali mapigo ya moyo. Zilipovaliwa zilisoma miendo ya viungo, pumzi na mapigo.

Mali ghafi ni rahisi, na hilo ni jambo kubwa kwa kifaa cha afya. Viyeyushi ndivyo vinavyonitia wasiwasi: NMP, kilichobebea grafini, Umoja wa Ulaya umekiweka miongoni mwa kemikali zinazodhuru uzazi, kwa hiyo lazima kiondolewe chote kabla ya kugusa ngozi. Wapo pia watu wenye mzio wa mpira wa asili. Isitoshe, mpira ukiachiwa haurudi papo hapo, na ukinzani wakati wa kuvutwa hutofautiana na wakati wa kulegea. Kuhesabu pumzi hakuathiriki. Kumpimia mgonjwa aliye kwenye tiba ya mazoezi ya viungo goti limekunjwa nyuzi ngapi kunahitaji kwanza urekebishaji wa makini.